Soksi tatu ndani ya buti moja

SWALI: Habari yako dada muuguzi. Tuko Alta, kaskazini kabisa mwa Norway, huu mwaka wa pili. Tulitoka Uvira, Kongo, tukapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Wiki iliyopita shule ilikuwa na siku ya skii, zile mbao za miguuni za kutelezea kwenye theluji, nyuzi 17 chini ya sifuri. Nilimvisha binti yangu wa miaka 8 soksi tatu, nikampaka mafuta ya mgando usoni na miguuni. Alirudi vidole viwili vya mguu vimekuwa vya kijivu, havisikii kitu. Jirani alisema tuvisugue kwa theluji. Shemeji akanitumia namba ya mtu anayeuza mafuta ya “kupasha damu”. Mwisho tulimkalisha karibu na jiko la kuni, rangi ikarudi huku analia sana. Sasa hajambo, ila anaogopa. Je, mafuta hayo yanafaa? Au watoto wetu hawakuumbwa kwa baridi hii, nimwombee ruhusa abaki ndani?

JIBU: Pole dada, na mpe pole binti. Kilio kile ni damu iliyokuwa inarudi kwenye vidole, na inaporudi huuma kama sindano. Kama havikutoa malengelenge na ngozi imelainika, basi baridi iliishia juu juu.

Umeniuliza mafuta, lakini mimi naanza na soksi. Huu ndio ugomvi wangu na wazazi tangu theluji inapoanguka hadi inapoyeyuka. Soksi haina moto. Joto la mguu linaletwa na damu ya mtoto mwenyewe, na kinacholitunza ni hewa iliyotulia kati ya ngozi na baridi. Ukishindilia soksi tatu kwenye buti la namba ileile, hewa umeifukuza na mishipa umeibana. Mtoto mwenye soksi moja ya sufu kwenye buti linalopwaya kidogo atarudi na vidole vyake. Wa soksi tatu ndiye atakayeletwa kwangu. Mvishe, msimamishe, mwambie achezeshe vidole ndani ya buti. Visipocheza, vua soksi moja. Bado havichezi? Buti ni dogo, tafuta lingine.

Wasami, wenyeji wa huko Finnmark mlikofikia, walilijua hili zamani. Viatu vyao vya ngozi ya kulungu wa kaskazini vilikuwa vipana, wakavijaza majani makavu laini, na jioni wakayatoa kuyakausha. Hewa na ukavu, basi. Na hao ni watu wa Karasjok, mji uliowahi kupimwa nyuzi 51.4 chini ya sifuri mwaka 1886.

Jambo la pili ni pamba. Soksi za pamba, fulana za pamba, zile taitsi nzuri za maua: zote ziache kabatini siku ya skii. Mtoto anayepanda kilima na skii miguuni anatoka jasho kuliko anayecheza mpira Uvira. Pamba inalinywa jasho lile na kulishikilia, kisha akisimama kula mkate wake, nguo iliyolowa inamnyonya joto. Sufu hata ikilowa bado inatunza joto. Ivae ngozini, juu yake sweta, na juu kabisa nguo isiyopitisha upepo. Mikononi, glavu za kifuko zinazoviweka vidole vinne pamoja, siyo zile za kutenganisha kila kidole. Usiogope bei: huku nguo za sufu za watoto zimejaa kwenye maduka ya mitumba, maana watoto wanakua kabla hazijachakaa.

Sasa mafuta. Baridi ya mwaka juzi baba mmoja aliingia kambeba kijana wake mabegani. Nikaanza kuvua: soksi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya ndani kabisa ilikuwa ya pamba, imelowa, imegandamana na mafuta mekundu yanayonuka pilipili na kafuri. Mtoto hakulia hata nilipoibandua. Chini yake ngozi ilikuwa imeumizwa mara mbili, kwanza na baridi, kisha na chupa ya maji ya moto aliyowekewa mguuni asiisikie. Baba aliniambia muuzaji alimhakikishia mafuta yale “yanafungua mishipa”. Nilinyamaza, maana ningesema ningekosa adabu.

Pilipili, mentholi na kafuri vinadanganya neva zihisi moto au ubaridi. Havileti nyuzi hata moja ya joto, na mtoto akishadanganywa kwamba mguu una moto, hatakwambia unapoganda. Mafuta ya mgando si ya utapeli, yanasaidia ngozi iliyokauka na kupasuka, lakini hayazuii baridi. Hata Wanorway wenyewe wanakosea hapa, wanawapaka watoto krimu za kukinga baridi mashavuni asubuhi kisha wanajiona wamemaliza kazi. Watafiti wa Finland walioandika miaka ya 1990 kuhusu askari wapya walikuta waliojipaka mafuta usoni waliganda masikio na nyuso zaidi ya wasiojipaka. Mtu akishapaka anajiona amekingwa, kofia anaipandisha masikio yabaki wazi, skafu anaiacha mfukoni.

Kuhusu theluji ya jirani: usimchukie, ushauri huo una zaidi ya miaka 200. Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliona kule Urusi mwaka 1812 askari walioganda wakijisogeza kwenye mioto ya usiku, kisha asubuhi wanatembea tena kwenye baridi na miguu inaoza. Akaulaumu moto, akasema wasuguliwe theluji. Kilichowaua miguu ni kuungua kwa ngozi yenye ganzi na kuganda mara ya pili, lakini vitabu vya udaktari viliendelea kumnakili zaidi ya karne nzima. Kwenye kidole kilichoganda kuna chembe ndogo za barafu. Ukisugua unazisaga ndani ya nyama. Usisugue kwa theluji, wala kwa kitambaa, wala kwa mikono yako, hata kwa upendo.

Na jiko la kuni? Mlibahatika. Ngozi yenye ganzi haijui inapoungua. Siku nyingine, mkiwa ndani na hakuna safari ya kurudi nje, vua kila kilicholowa, weka miguu kwenye beseni la maji ya nyuzi 37 hadi 39, ukipima kwa kipimajoto au kwa kiwiko chako wewe, siyo kwa mguu wake. Ongeza maji ya vuguvugu yanapopoa, hadi ngozi ilainike na rangi irudi, mara nyingi nusu saa. Itauma, mpe dawa ya maumivu ya watoto. Mkiwa bado mlimani na kidole kinaweza kuganda tena, kiacheni mpaka mfike. Yakitokea malengelenge usiyapasue, na kama kidole kinabaki kigumu au hakina hisia, piga 116117 upate daktari wa zamu. Mtoto akiwa amelegea na kuongea ovyo ni 113, namba ya gari la wagonjwa. Usisubiri asubuhi, hospitali ina dawa za kuokoa kidole ambazo nguvu yake ni saa za mwanzo.

Swali lako la “hawakuumbwa” nitalijibu bila kupaka asali. Takwimu za jeshi la Marekani na la Uingereza zinaonyesha kwamba askari weusi huumizwa na baridi zaidi ya wenzao weupe waliovaa sare ileile. Mishipa ya vidole vyetu, kwenye baridi, hufunguka kidogo kuliko ya wenzetu, tena kwa kuchelewa. Kwa hiyo ratiba ya mtoto wa Kinorway siyo ya mtoto wako: binti yako aangaliwe vidole mapema na mara nyingi zaidi. Jambo jingine ambalo walimu wengi hawafundishwi: wao wanatafuta doa jeupe shavuni. Kwenye ngozi yetu haliwi jeupe, linakuwa kijivu, kama majivu au nta, na ukigusa ni gumu. Mtoto aliyekuwa analalamika baridi kisha akasema “sasa hainiumi tena” hajapona. Hapo ndipo pa kumvua buti.

Lakini kumfungia ndani, hapana. Huku utoto unachezwa nje, na marafiki wanapatikana kwenye kile kilima. Na ninyi mnaosambaza sauti za dakika 7 kwenye makundi ya WhatsApp, “mafuta haya yametoka kwa wataalamu wa Urusi”, “mpe kijiko cha pombe apate joto”: pombe inaipeleka damu kwenye ngozi, joto la ndani linatoka, na kwa mtoto ni sumu. Anayekuuzia kinga ya baridi kwenye kichupa hajawahi kukaa saa 3 usiku akimwosha mtoto aliyeganda, na simu yake siku hiyo haipokelewi.

Dada, binti yako aende safari ijayo. Vidole vile viwili vitakuwa wepesi kuganda kwa muda mrefu, huenda miaka, kwa hiyo mwandikie mwalimu leo: avuliwe buti na kuangaliwa kila wanapopumzika, na aruhusiwe kuingia ndani akisema vidole vimekufa ganzi. Angalia na upepo, siyo nyuzi peke yake. Nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo wa mita 5 au 6 kwa sekunde, ngozi iliyo wazi inapoa kama nyuzi 30 chini ya sifuri, na akishuka kilima kwa sleji, kile kigari cha kutelezea, anajitengenezea upepo wake mwenyewe. Soksi mbili ulizomvua zitie mkobani, zikavaliwe moja moja ile ya mguuni ikilowa.