Kwa nini mkate wa bruschetta unalowa?

SWALI: Shikamoo mpishi. Juzi nilialika wageni 12 nikawaandalia bruschetta, ule mkate wa Kiitaliano wa kuchoma unaopakiwa nyanya. Nilikatakata nyanya, nikatia chumvi, kitunguu saumu, rihani na mafuta ya zeituni, nikapakia juu ya mkate wa slesi niliouchoma kwenye tosta. Wageni wakachelewa nusu saa. Nilipoleta sinia, mkate umelowa chapachapa na maji yametuama chini. Nimekosea kwenye nyanya au kwenye mkate? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umekosea kote kuwili kidogo, ila kosa kubwa ni muda.

Nyanya ni maji matupu, zaidi ya sehemu 9 kati ya 10. Ukiikata na kuitia chumvi, chumvi inayavuta maji hayo nje. Yatatoka tu, hakuna ujanja wa kuyazuia. Kazi yako ni kuhakikisha yanatokea kwenye chujio kabla nyanya haijaugusa mkate.

Chukua nusu kilo ya nyanya ndefu, aina ya Rio Grande au Cal-J, zenye nyama nene na mbegu chache. Ziwe zimeiva hasa, na zisitoke kwenye friji, maana baridi inaua harufu yake. Zipasue katikati, toa mbegu kwa kidole gumba, kisha kata nyama vipande vidogo kama punje za maharage. Weka kwenye chujio juu ya bakuli, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, geuza mara moja, ziache dakika 20 bila kuzikamua. Utasikia matone yakidondoka. Hayo ndiyo yaliyokuharibia sinia yako. Zikishachuja, ndipo uchanganye na mafuta vijiko viwili vya chakula na rihani uliyoichana kwa mkono.

Sasa mkate. Wa slesi una sukari na mafuta, kwa hiyo unapata rangi upesi nje huku ndani bado ni laini kama sifongo. Tumia boflo lililolala siku moja, ulikate vipande vya unene wa kidole. Bruschetta (Waitaliano wanatamka brusketa) imepata jina lake kutokana na neno la lahaja ya Roma la kubanika kwenye makaa, na jiko letu la mkaa linaifaa kuliko tosta. Subiri makaa yavae jivu, weka wavu, banika kama dakika mbili kila upande. Kipande kikiwa tayari, ukikigonga kwa kucha kinalia kikavu.

Kitunguu saumu usikichanganye na nyanya. Chukua punje moja mbichi, uisugue juu ya mkate ungali moto. Uso wa mkate uliokauka unakwaruza kama mbuzi ya nazi, na punje inaisha mkononi mwako huku unaiona. Kisha dondosha mafuta ya zeituni. Hapo bruschetta ya asili imekamilika: huko Toscana, mkoa wa Italia, ambako wanaiita fettunta, huliwa hivyo hivyo bila nyanya, hasa mafuta mapya yanapokamuliwa. Kwa hiyo usiyabanie mafuta. Yana faida nyingine pia, yanachelewesha maji kuingia kwenye mkate.

Kuhusu wageni wanaochelewa, banika mkate mapema ukitaka, lakini nyanya usipakie mpaka watu wameketi. Mimi napenda kupeleka sinia la mkate peke yake na bakuli la nyanya peke yake, kila mtu ajipakulie. Ukipakia mwenyewe, hesabu dakika tano tu kutoka jikoni hadi mdomoni.

Na yale maji ya kwenye bakuli pamoja na mbegu usiyamwage, kwa sababu ute wa mbegu una ladha nyingi kuliko hata nyama ya nyanya. Mimi huyachuja nikayatia kwenye mchuzi wa samaki siku hiyo hiyo, na chumvi ya mchuzi naipunguza.