Ungenikuta kwake

Mhariri, mmetuuliza wasomaji: "Katika maisha ya kila siku, Mungu unamwona wapi?" Najua mtaletewa machweo ya jua na nyimbo za kwaya. Kwaya sina ugomvi nayo, mwenyewe naimba sauti ya pili. Ila mimi jibu langu liko wodini.

Aliyewahi kuuguza katika hospitali zetu za serikali anajua: manesi ni wachache, kwa hiyo kulisha, kuogesha na kumgeuza mgonjwa ni kazi ya ndugu. Asiye na ndugu je? Nilipokuwa namuuguza kaka yangu, kitanda cha pili alilazwa kijana wa bodaboda, kaokotwa na wasamaria wema barabarani, hana hata simu. Mama mmoja wa Kidigo, akishamlisha mumewe, alihamia kwa huyo kijana. Anadondoshea uji nyuma ya kiganja kupima moto, anamwinua kichwa, anamnywesha kijiko kimoja kimoja, akipaliwa, anamngoja. Halafu anatuita: "Hebu njooni tumgeuze, asije akaota vidonda." Tunashika shuka pembe nne, tunamgeuza. Kisha mama huyo anakwenda kufua kanga yake iliyochafuka, huku analalamikia bei ya sabuni. Dini hakuitaja. Alisema tu, "Maskini, mtoto wa watu."

(Wanaokuja wodini na maboksi ya sabuni na mpiga picha siwasemi vibaya. Sabuni inatumika.)

Sisi Wakristo tunayo Mathayo 25: aliyemtazama mgonjwa amemtazama Yesu mwenyewe. Shekhe wa mtaani kwetu akanieleza kuwa nao wanayo, katika hadithi Qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume Muhammad, iliyopokewa na Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi. Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atasema, niliugua hukuja kunitazama. Mja atashangaa: vipi, nawe ni Mola wa walimwengu? Ataambiwa: mja wangu fulani aliugua, ungekwenda kumtazama, ungenikuta kwake.

Wapo walioyalipia haya kwa damu. Novemba 2014, kaunti ya Mandera nchini Kenya, al-Shabaab walisimamisha basi wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakaua watu 28. Tarehe 21 Desemba 2015 wakavamia basi jingine karibu na El Wak, wakataka abiria watengane vilevile. Safari hii Waislamu waligoma. Kina mama waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 hospitalini Nairobi. Na watu wale hawakuwa wageni wa hatari hiyo. Habari ya basi la kwanza kila mtu alikuwa nayo.

Rafiki yangu mmoja, asiyesali popote, husema huo ni utu tu, Mungu anaingiaje? Tumebishana sana, hasa Jumamosi alizokuwa akituletea chupa ya chai pale wodini, na bado hatujamaliza.

Msomaji wenu, Tanga