Duka limekua, sala imepungua

SWALI: Tangu nifungue duka la pili la vitenge Kariakoo, sala imenipungua na fungu la kumi nalisahau. Nifanyeje? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Ndugu, soma Kumbukumbu la Torati 8:10-18. Onyo lile la kutomsahau Mungu ni la watakaoshiba na kujenga nyumba nzuri, si la wenye njaa. Aya ya 10 inataka shukrani baada ya kushiba. Wengi wetu huombea chakula kabla tu! Anzia hapo.

Fungu la kumi linakupotea kwa sababu unasubiri mwisho wa mwezi, mzigo mpya ukishalipiwa. Jioni ukifunga hesabu, faida ikiwa shilingi 60,000, tenga 6,000 papo hapo kwenye laini nyingine ya simu. Faida, si mauzo, usije ukala mtaji. Kibarua anayekushushia mzigo mlipe kabla jua halijazama (Kumbukumbu 24:15).