Mtihani wa Marekani na daftari la safu tatu

SWALI

Jambo Mama Daktari. Nilimaliza udaktari hapa Bukavu mwaka 2022 na sasa nafanya kazi katika hospitali moja ya Kadutu. Nataka kufanya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari ya Marekani, ili nikasomee utaalamu wa watoto Marekani. Masomo yangu yote yalikuwa ya Kifaransa. Kiingereza nilichonacho ni cha sekondari. Wenzangu wengine wananiambia nimeze maswali ya mazoezi maelfu kwa maelfu, wengine wanasema nirudie silabusi zote za miaka ya kwanza. Nianzie wapi? Tena, kwenye diploma jina langu lina herufi moja isiyokuwa kwenye pasipoti. Je, ni tatizo? Na baba anasema nikienda sitarudi.

Docta kijana, Kadutu

JIBU

Mdogo wangu Docta, hiyo herufi umeitaja kama jambo dogo, na mimi naanza nayo. Karatasi zetu zina majina matatu: nom, post-nom na prénom. Fomu za Wamarekani zinataka jina la kwanza na jina la mwisho. Ukijaza leo hivi na kesho vile, wao wanaona watu wawili. Siku ya mtihani, jina la kwanza na la mwisho kwenye kibali chako yanatakiwa yafanane na ya pasipoti unayoshika mkononi. Upande wa diploma kuna ECFMG, taasisi ya Philadelphia inayokagua vyeti vya madaktari waliosomea nje ya Marekani. Jina la diploma likitofautiana na la pasipoti, watakudai hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo.

Jina la ukoo wetu ni la Kishi, lugha ya hapa kwetu, lenye "rh" katikati. Aliyejaza pasipoti yangu aliiacha ile h. Mimi sikuiona mpaka siku ninasaini maombi, usiku, na tochi mdomoni kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ilinibidi nilipe pasipoti nyingine na kupoteza miezi. Basi wiki hii, kabla hujanunua kitabu chochote, weka diploma, pasipoti na cheti cha kuzaliwa juu ya meza moja, usome herufi kwa herufi. Ni rahisi kurekebisha pasipoti kuliko diploma iliyokwisha kusainiwa.

Ukimaliza hapo, tafuta chuo chako kwenye intaneti katika World Directory of Medical Schools, uone kama kina maelezo ya ECFMG yanayotaja mwaka wako wa kumaliza. Kisha nenda kwa katibu wa fakalte, umsalimie vizuri, umwambie kwamba barua ya kuhakiki diploma itakuja kwao moja kwa moja. Haipiti mikononi mwako. Ikilala kwenye kompyuta isiyofunguliwa, na wewe unalala.

Sasa masomo. Nakusihi usirudie silabusi zote. Udaktari unao. Umeshika watoto wenye seli mundu, kifua kikuu, utapiamlo, pepopunda. Kijana wa Marekani anayasoma mengi ya hayo kitabuni tu. Unachokosa ni sikio la mtihani huo, na sikio hilo linaanzia kwenye maneno.

Nikupe mfano ambao ulinitoa machozi. Katika mazoezi yangu palikuwa na mama wa miaka 52 mwenye kipandauso, na katikati ya aya ndefu wameandika kwamba ana historia ya "angina". Nikapita. Kwetu "angine" ni mafindofindo, koo linauma, basi. Nikachagua sumatriptan, dawa nzuri ya kipandauso. Kumbe "angina" ya Kiingereza ni maumivu ya kifua ya moyo kukosa damu, na sumatriptan inabana mishipa ya moyo. Ningemwua yule mama kwa neno ambalo nilidhani nalijua.

Usiku ule nilinunua daftari la mistari na kuchora safu tatu: Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili. Safu ya tatu niliiweka kwa sababu ndiyo iliyokuwa inanionyesha ugonjwa wenyewe. "Rubéole" ya Kifaransa ni rubela, lakini "rubeola" ya Kiingereza ni surua: ukiandika surua pembeni hutakosea tena. "Anthrax" ya Kifaransa ni majipu yaliyokusanyika pamoja, ya Kiingereza ni kimeta cha ng'ombe, ambacho Kifaransa kinakiita "charbon". Adrenalini wao wanaiita epinephrine, paracetamol wanaiita acetaminophen, salbutamol wanaiita albuterol. Ugonjwa wa tezi ya shingo tuliousoma sisi kama wa Basedow, kwao ni wa Graves. Daftari langu lilifika kurasa 90 na kitu.

Kwa hiyo maswali ya mazoezi, ndiyo, fanya, ila usiyameze. Fanya maswali 20, kisha kaa nayo saa mbili. Kwa kila jibu ulilokosa jiulize: sikujua ugonjwa, sikuelewa neno, au nilikimbia? Mimi zaidi ya nusu ya makosa yangu yalikuwa maneno na haraka. Na fanyia kwenye skrini, kwa saa. Step 1, yaani sehemu ya kwanza ya USMLE, ni siku moja ya saa 8, maswali yanaweza kufika 280. Mara ya kwanza, Nairobi, nilianguka. Nilikuwa nasoma kila swali huku nalitafsiri kichwani, na kila kipindi kilikuwa kinaisha bado nina maswali sijayagusa. Matokeo hutoka siku ya Jumatano. Jumatano ile nilikuwa zamu, nikaenda kulia stoo ya dawa, kisha nikarudi wodini. Mwaka uliofuata nilipita. Nakuambia hili ujue kuanguka kunaumiza lakini hakufungi mlango; ila idadi ya mara ina kikomo, leo ni 4 kwa kila Step, basi usiende kujaribu bahati. Na kwa ada inayozidi dola 1,000 kabla ya basi la Kigali na ndege, hakuna wa kujaribu bahati.

Tangu Januari 2022 Step 1 haitoi alama, ni kupita au kuanguka. Alama zinazotazamwa sasa ni za Step 2 CK, sehemu ya pili, ya kutibu wagonjwa. Mtihani wa vitendo ambao sisi tuliufuata mpaka Marekani kwenyewe ulifutwa mwaka 2021. Badala yake ninyi mnapitia njia nyingine za ECFMG pamoja na mtihani wa Kiingereza cha hospitali unaoitwa OET. Humo kuna kuongea na kusikiliza, kwa hiyo anza sasa kumhoji mgonjwa wa kubuni kwa sauti, hata jikoni.

Kuna sehemu moja itakayokusumbua kuliko famakolojia. Hapa kwetu mzee akipatikana na kansa ya tumbo, watoto wake wanakungoja kwenye korido: "Docta, tunakuomba, mzee asijue." Nawe unaelewa, maana ni watu wa nyumba moja na ndio wanaolipa. Mtihani unalileta swali hilohilo, na jibu lao ni kumwuliza mgonjwa mwenyewe anataka kujua kiasi gani, na anataka nani awepo. Nilikosa maswali hayo kwa muda mrefu kwa sababu moyo wangu ulikuwa korido. Leo, baada ya miaka mingi, nadhani jibu lao ni jema, na ndivyo ninavyofanya hapa Bukavu: namwuliza mzee kwanza. Wengi wanasema, "Mwite mwanangu mkubwa, tusikie pamoja." Lakini wamesema wao.

Ukiona Kiingereza kinakushinda kabisa, jua kwamba Kanada mtihani wao wa madaktari, MCCQE Part I, unafanyika pia kwa Kifaransa. Nafasi za mafunzo huko kwa waliosomea nje si nyingi, hilo nalo lipime.

Kuhusu baba. Usimwambie "nitarudi" tu, mweleze mambo yalivyo. Mafunzo ya watoto ni miaka 3. Wengi wetu tunaingia kwa viza ya J-1, na viza hiyo inamtaka daktari arudi kwao miaka 2 baada ya mafunzo, asipopata msamaha. Wapo wanaoupata wakabaki, na siwalaumu, najua mishahara ya hapa. Mimi nilirudi. Baba yangu alinipokea mpakani Ruzizi amevaa koti la harusi yake, na hakuuliza kitu kuhusu Marekani. Aliuliza kama nimekula.

Daftari bado ninalo, jalada limetoka. Nitaliacha kwa katibu wa gazeti hili mwezi huu wote. Njoo ulinakili, na njoo na pasipoti yako.