Wota pampu mpya, hita inatoa baridi: usisafiri nalo hilo gari

Mkuu, zima gari. Umesema umefunga wota pampu mpya leo (ile inayozungusha maji ya kupoza injini), umejaza kulanti, yaani hayo maji ya kupoza, mpaka juu, geji imetulia katikati, hita inatoa hewa baridi, na alfajiri unaanza safari. Ahirisha. Gari langu lilikuwa hivyo hivyo na nikapoteza silinda hedi, kile kichwa cha injini.

Ukimwaga kulanti ili ubadilishe pampu, hewa inaingia kwenye njia za maji. Ukijaza harakaharaka, rejeta, ile ya mbele inayopoza hayo maji, inaonekana imejaa, kumbe ndani ya injini hewa imejibana. Hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, inapashwa na maji yale yale ya injini. Injini ikiwa ya moto na hita ikabaki baridi, maji hayafiki! Na hiyo geji unayoiamini inasoma joto la maji yanayogusa sensa. Sensa ikiwa kwenye hewa, inakudanganya. Yangu haikupanda hata kidogo mpaka nilipoona mvuke ukifuka kwenye boneti, katikati ya mlima. Nikaegesha, nimeshachelewa. Hedi ya aluminiamu imepinda, gasketi yake imeungua, oili imekuwa nyeupe kama maziwa.

Nilikuwa nimemuuliza fundi kwa mdomo wangu: mbona hita haina joto? Akasema, "Tembea nalo tu, hewa itajitoa yenyewe." Mpaka leo maneno hayo yananichoma. Mtu umemlipa, anashindwa kusimama pembeni ya gari nusu saa amalize kazi!

Gari halitoki mpaka hita itoe moto. Anza kazi hii injini ikiwa imezimwa na baridi kabisa, kwa sababu ikiwa ya moto presha itakurushia maji usoni ukifungua mfuniko. Egesha pua ya gari ielekee juu, mdomo wa rejeta uzidi sehemu nyingine zote. Weka hita kwenye moto wa mwisho. Kama injini yako ina skrubu ya kutolea hewa, ilegeze wakati unajaza mpaka itoke kulanti tupu, kisha ikaze. Washa, mfuniko ukiwa wazi, liache liungurume bila kukanyaga mafuta, wala usiinamie rejeta. Thamostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, ikifunguka, kwa injini nyingi kati ya nyuzi 80 na 90, mpira wa juu wa rejeta utapata moto, mapovu yatatoka na kulanti itashuka ghafla. Ongeza. Vaa glavu uuminyeminye huo mpira. Endelea hivyo mpaka mapovu yaishe, feni iwake na kuzima, na hita ikuchome mkono. Mimi sikufika hata kwenye mapovu.

Mkanda wa taimingi, kama ndio unaozungusha pampu yako, ulipaswa kubadilishwa humo humo. Lakini kwanza hewa. Kesho injini ikiwa baridi fungua upime kulanti tena, halafu uniambie hita inatoa nini.