Jibu: grenda inatoa cheche na nguvu inakatika
Mkuu, umeuliza kuhusu grenda yako ndogo ya mkono. Cheche kwenye matundu ya nyuma huku nguvu ikikatikakatika, mara nyingi ni kaboni zimeisha, yaani vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Chomoa plagi kwanza, swichi pekee usiiamini. Fungua vifuniko viwili vya pembeni. Kaboni ikibaki urefu wa kama milimita 5, badilisha zote mbili, hata kama moja bado ndefu. Mpya zikae bila kukwama. Cheche zikiendelea kuzunguka komuteta yote (ile duara ya shaba inayosuguana na kaboni), hapo mota yenyewe ina shida, mpe fundi.

Ila hilo ulilosema la kutoa kinga, yaani kile kifuniko cha chuma cha diski, ili diski kubwa iingie, hapana! Grenda ndogo nyingi hufika mizunguko 11,000 kwa dakika. Soma diski: ile ya milimita 180 kwa kawaida imeandikwa 8,500, ndiyo mizunguko ya mwisho inayohimili kwa dakika. Ukiizungusha zaidi ya hapo inaweza kukupasukia usoni.