Je, boila ya kuni imepigwa marufuku Kenya? Jibu kwa anayetaka kufungua kiwanda cha chai

Ndugu uliyeuliza kuhusu kiwanda kidogo cha chai kule Murang'a, umesema mwuzaji wa boila za gesi amekuambia serikali imekataza kuni viwandani, na sasa hujui kama uagize boila ya kuni au uachane nayo. Kabla ya kustaafu nilikuwa upande wa ununuzi wa kuni katika kiwanda cha wakulima, kwa hivyo univumilie, jibu ni refu.

Mwuzaji anakuuzia gesi. Hakuna sheria Kenya inayokataza kiwanda kuchoma kuni. Viwanda vya wakulima wadogo wa chai vinaendesha boila kwa kuni mchana kweupe, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na Huduma ya Misitu wanajua fika. Vingi vilikuwa vikitumia mafuta mazito, vikahamia kuni kwa sababu ya gharama. Sheria inakubana kwingine: mti ulikatwa wapi, nani aliruhusu, na ulifikaje uani kwako.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inatambua misitu ya umma, ya jamii na ya binafsi. Kukata msitu wa umma bila kibali ni kosa, hilo kila mtu analijua. Wanachosahau wenye viwanda ni kwamba dereva akishapakua na kuondoka, kuni ni zako, na maswali ni yako. Mimi sikuwahi kukubali lori la usiku, hata kama boila lilikuwa linalia njaa. Mtu mwenye kuni halali hana sababu ya kutembea saa nane usiku.

Uvumi uliousikia nadhani chanzo chake ni mwaka 2018. Februari mwaka huo William Ruto, akiwa naibu wa rais, alitangaza kusitishwa kwa ukataji katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku hizo 90 ziliongezwa na kuongezwa hadi akaja kuiondoa marufuku hiyo mwenyewe akiwa rais, Julai 2023, na mwezi uliofuata mahakama ikasimamisha uamuzi huo wa kuiondoa. Mashamba ya watu binafsi hayakuwamo katika marufuku ile hata siku moja. Lakini wapasuaji mbao waliozoea misaipresi na misonobari ya serikali walikosa mali, wakashuka mashambani kutafuta blugamu (mikaratusi) na mukima (grevilea) zilezile tulizokuwa tukinunua sisi. Bei ikapanda. Wakulima wenye miti walicheka, na sikuwalaumu, maana tulikuwa tumewanyonya kwa bei ya kutupa kwa muda mrefu. Barabarani nako mambo yalikuwa magumu. Lori la blugamu lililotoka shambani kwa mama mjane lilizuiwa kizuizini kana kwamba limetoka katikati ya Aberdare, na ukianza kueleza tofauti ya msitu wa umma na shamba la mtu, unaulizwa karatasi.

Basi karatasi ndiyo kazi yako ya kwanza, kabla hata ya kuagiza boila. Kwa kila shamba tulitaka barua ya mwenye ardhi yenye namba ya kipande chake na barua ya chifu. Afisa wa misitu alikagua miti kabla ya kukatwa, akatoa kibali cha kusafirisha, na stakabadhi ya ushuru wa kaunti ikaambatana na mzigo. Nakala zote zilikaa kwenye faili moja kwa kila lori, pamoja na picha ya visiki. Vijana wa ofisini walinicheka kwa zile picha za visiki. Walinyamaza siku mkaguzi alipotaka kujua mzigo fulani ulitoka wapi, tukamfungulia faili mezani.

Usidhani mti wa mkulima hauna masharti. Kanuni za misitu ya mashambani za 2009 zinamtaka mkulima awe na miti kwenye asilimia 10 ya shamba lake. Ukimkuta anataka kukata kila kitu kwa sababu ya karo, mnunulie sehemu, mwachie nyingine. Na ukipanda blugamu zako mwenyewe, jambo ambalo nakusihi ulifanye mwaka huu huu, kaa mbali na mto. Ukanda wa kingo za mto ni kati ya mita 6 na 30 kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko, na blugamu ukingoni italeta afisa na msumeno. Penye udongo mzuri utaanza kuvuna kuni baada ya miaka sita hadi minane, na kisiki kitachipuka tena.

Kuna na mnunuzi wa chai. Ukitaka cheti cha Rainforest Alliance, kile cha kilimo kinachotunza mazingira, wakaguzi watauliza asili ya kuni zako kwa ukali kuliko askari yeyote wa barabarani.

Boila lenyewe lina mambo yake ila hayasumbui sana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka likaguliwe na mtu aliyeidhinishwa kila baada ya miezi 12. Moshi wa bomba uko chini ya kanuni za ubora wa hewa za EMCA, sheria ya mazingira, ambazo NEMA husimamia. Bomba likitoa moshi mweusi kutwa nzima, majirani watakuripoti kabla NEMA hawajafika.

Na moshi huo unanileta kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza. Blugamu iliyokatwa leo ni maji karibu nusu ya uzito wake. Lori la tani 10 limekuletea karibu tani 5 za maji, na kila kilo ya maji hayo lazima uichemshe ndani ya tanuru kabla ya kupata mvuke wa kukausha majani. Kuni zenye maji nusu zina takriban nusu ya nishati ya kilo kwa kilo ukilinganisha na zilizokauka hadi asilimia 20. Kwa hivyo ukichoma mbichi unakata miti mingi zaidi, unahitaji vibali vingi zaidi, na bomba linakushtaki. Jenga banda lenye paa na pande wazi, pasua magogo manene, panga kwa tarehe, acha miezi mitatu au zaidi. Sisi tulipokuwa makini tulitumia kilo moja na nusu hadi mbili za kuni kwa kilo ya chai kavu. Uzembe ukiingia, hesabu hiyo hufumuka haraka.

Ndiyo maana usinunue kwa uzito bila kipima unyevu: unamlipa muuzaji kwa maji, naye hana haja ya kukausha. Nunua kwa mita ya ujazo ya rundo lililopangwa, ila simama hapo wanapopanga. Kuni zilizopinda zikipangwa na mjanja, nusu ya mita unayolipia ni hewa.

Ukiletewa vipande vya nguzo za umeme kwa bei ya chini, kataa. Nyingi zimetiwa dawa yenye aseniki, nayo hutoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu, na wewe unakausha kitu cha kunywewa.

Uliuliza pia kuhusu maganda ya makadamia. Upande wako wa nchi yanapatikana, yanawaka vizuri, na hayana habari za kibali cha kukata mti. Tatizo ni msimu, na viwanda vingine vimeshayagundua. Kabla ya kuagiza boila, zungumza na wabanguaji wawili watatu upate mkataba wa maandishi, kisha umwambie fundi akuwekee tanuru linalokubali maganda na magogo.